Samaki Wetu Wanahesabiwa na Nani?

(Mazungumzo haya yalisomwa redioni juma lililopita)

Ndugu wasikilizaji, nimepata ujumbe kutoka kwa msikilizaji mmoja wa Kilwa Kivinje, mvuvi wa jarife, ambaye kwa ombi lake sitamtaja jina. Anasema wakiwa nje ya Songosongo usiku, nyavu zikiwa majini, huona taa kubwa upande wa matlai, mbali kabisa, mahali ambapo boti yao haithubutu kufika. Vijana chomboni husema hizo ni meli za mizigo zinapita njia yake. Wazee husema hapana, nyingine ni meli za uvuvi za wageni. Swali lake ni fupi: "Kama ni wavuvi kama sisi, samaki wao wanahesabiwa na nani?"

Nilidhani ningemjibu kwa simu yakaisha. Lakini kila nilipolishika swali hilo lilinitoka mkononi kama mkunga. Nimeona nilete jibu hapa, ingawa nakiri mapema kwamba ni jibu la mzunguko.

Tuanze na mipaka. Sheria yetu ya mwaka 1989 inasema kwamba maji ya kitaifa ya Tanzania yanaishia maili 12 za bahari kutoka pwani. Baada ya hapo kuna ukanda wa kiuchumi unaofika maili 200. Maili moja ya bahari ni meta 1,852, kwa hiyo maili 200 ni kilometa 370 hivi, zaidi kidogo ya safari ya basi kutoka Dar es Salaam mpaka Tanga. Ndani ya ukanda huo meli ya mtu yeyote ina haki ya kupita, lakini haina haki ya kutupa ndoana bila ruhusa yetu. Eneo hilo lina ukubwa wa kilometa za mraba zipatazo 223,000. Ni shamba kubwa, ndugu wasikilizaji, na wengi wetu hatujawahi kuona hata ukingo wake.

Shamba hili halikushuka kutoka mbinguni. Kwa muda mrefu mataifa yenye majeshi makubwa ya majini yalishikilia kwamba maji ya nchi yanakoma maili 3 kutoka ufukweni, umbali ambao inasemekana risasi ya mzinga wa zamani iliweza kufika. Palipoishia mzinga, bahari ilikuwa ya wote, na "wote" hao ni wale waliokuwa na meli. Mwaka 1952 nchi tatu za Amerika ya Kusini, Chile, Ekwado na Peru, zilikutana Santiago zikatangaza maili 200. Wakubwa walicheka. Iceland, nchi ndogo ambayo haikuwa hata na watu robo milioni, ilisogeza mpaka wake hatua kwa hatua: maili 12 mwaka 1958, maili 50 mwaka 1972, maili 200 mwaka 1975. Uingereza ikapeleka manowari kulinda meli zake za uvuvi. Boti za doria za Iceland zikawa zinapita nyuma ya meli za Waingereza na kukata kamba za nyavu kwa chombo maalumu. Magazeti yaliita vita, vita vya samaki aina ya chewa wa maji baridi, na Juni 1976 Uingereza ilikubali yaishe. Miezi saba baadaye, Januari 1977, Uingereza yenyewe ilitangaza maili 200. Mwenye kucheka wazo la jirani huja akaliazima.

Lakini jambo ambalo hatuwafundishi watoto wetu shuleni ni hili: jina na umbo la ukanda wa kiuchumi, kama ulivyo leo katika sheria ya dunia, vilitoka kwa kiasi kikubwa hapa kwetu. Kenya ndiyo iliyopeleka Geneva, Agosti 1972, rasimu ya ukanda huo wa maili 200 mbele ya kamati ya Umoja wa Mataifa iliyoshughulikia sakafu ya bahari. Mwanadiplomasia wake, Frank Njenga, alikuwa ameshaieleza hoja hiyo Lagos mwezi Januari mwaka huo. Sisi Tanzania tulijitangazia maili 50 mwaka 1973. Mkataba wa Sheria ya Bahari ulipotiwa saini Montego Bay, Jamaika, Desemba 1982, hoja ya Waafrika na wenzao wa Amerika ya Kusini ilikuwa ndani yake. Na mahakama ya kimataifa ya sheria hiyo ilipoanza Hamburg mwaka 1996, miongoni mwa majaji wake wa kwanza alikuwamo Jaji Joseph Warioba. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba mambo ya bahari kuu ni ya wageni, sisi yetu ni ngalawa na dema.

Sasa tuje kwenye kifungu ambacho wenye meli hukijua kuliko sisi wenye maji. Mkataba unasema nchi ya pwani ndiyo itakayoamua kiasi cha samaki kinachoruhusiwa kuvuliwa katika ukanda wake, kwa kutumia elimu bora ya sayansi iliyopo. Kisha itaamua yenyewe inaweza kuvua kiasi gani. Kinachobaki, yaani ziada, iwape wengine ruhusa ya kukivua kwa makubaliano. Haki kabisa. Mwenye shamba anasema shamba hili linatoa magunia 100, mimi na wanangu tunaweza kuvuna 30, njooni mvune 70 mnilipe. Lakini mwenye shamba ambaye hajui kama linatoa magunia 100 au 500, na ambaye huuza ruhusa ya kuingia shambani kwa mwaka mzima bila kusimama mlangoni na mizani, huyo anauza nini?

Hapo ndipo ninapokumbuka meli ya Tawariq 1.

Ilikuwa Machi 2009. Nilikuwa mwandishi chipukizi, diploma yangu bado inanukia wino, na nilitumwa bandarini Dar es Salaam na kinasa sauti kilichohitaji kupigwa kofi kidogo kabla hakijafanya kazi. Meli ya kigeni ilikuwa imekamatwa ndani ya ukanda wetu, bila leseni, na meli ya doria ya Afrika Kusini iliyobeba wakaguzi wa nchi kadhaa za ukanda huu. Ilikuwa na tani 296 za samaki, wengi wao jodari. Waziri wa Mifugo na Uvuvi wakati huo alikuwa John Magufuli, na kwa jinsi alivyolivalia njuga suala hilo, wananchi waliwaita samaki wale "samaki wa Magufuli" mpaka leo. Waligawiwa bure kwa taasisi mbalimbali. Nchi nzima ilizungumza samaki.

Tani 296, hebu tuzipime kwa kipimo chetu. Ngalawa ikileta kilo 20 kila siku ya Mungu, bila kupumzika hata Ijumaa, bila kusi wala kaskazi kuizuia, ingehitaji miaka 40 kufikisha mzigo ule. Meli moja. Siku ile gatini nilimwuliza afisa mmoja swali ambalo nililiona la kawaida: hawa samaki, ni wangapi waliovuliwa ndani ya maji yetu, na wangapi walikuja nao kutoka kwingine? Alinitazama kama mtoto aliyeuliza Mungu anakaa wapi. "Kijana," akasema, "samaki akiwa ndani ya barafu, ana uraia?"

Nilicheka, nikaandika, nikasahau. Miaka ilivyokwenda jibu lile lilinirudia. Mahakama Kuu iliwatia hatiani washitakiwa wawili mwaka 2012. Mwaka 2014 Mahakama ya Rufani ilifuta hukumu hiyo kwa kasoro za kisheria katika mwenendo wa kesi. Samaki walikuwa wameliwa zamani, na meli ilikuwa imezeeka ikiwa imefungwa. Yapo mengi ya kusema kuhusu kesi ile na wanasheria wameyasema. Mimi ninachokumbuka ni kwamba taifa zima lilijua idadi ya tani za meli moja iliyoibia, na halikujua tani za meli zilizolipia. Zenye leseni, zilizoingia kwa mlango wa mbele, zilivua kiasi gani mwaka ule? Hakuna aliyenizuia kuuliza. Sikuuliza. Hilo ni langu.

Meli hizi, kwa wasiozijua, ni za aina mbili kubwa. Zipo zinazotandika kamba ndefu, kilometa nyingi, yenye maelfu ya ndoana, kutafuta jodari wakubwa na nduaro. Na zipo zinazozungushia kundi zima la samaki nyavu kubwa na kuifunga chini kama mfuko. Hizi za pili siku hizi hazitafuti samaki kwa macho pekee. Huachia chelezo baharini, chelezo zenye mtambo unaozungumza na setilaiti. Samaki wana tabia ya kujikusanya chini ya kitu kinachoelea, jambo ambalo wavuvi wetu walilijua tangu enzi za gogo na magugu. Tofauti ni kwamba gogo halimpigii nahodha simu kumwambia chini yangu kuna tani ngapi.

Wakishavua, hawaji Dar es Salaam wala Tanga wala Mtwara. Mzigo wa meli za nyavu huteremshwa zaidi Victoria, Shelisheli, kwenye bandari na kiwanda cha kusindika. Meli za kamba ndefu nyingi huweza kuhamishia samaki kwenye meli mama huko huko baharini. Kwa hiyo hesabu tunayoipata ni ile aliyoiandika nahodha katika daftari lake. Sheria za Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi, ambayo makao yake yako hapo hapo Victoria, zilipanga kwamba watazamaji huru wawemo katika angalau asilimia 5 ya shughuli za uvuvi za meli kubwa. Asilimia 5! Maana yake safari 95 katika kila 100 nahodha anaweza kuwa shahidi wa nafsi yake. Sisemi manahodha ni waongo. Nasema hakuna muuza nyama hata mmoja Buguruni ambaye tungemwachia mizani kwa masharti hayo.

Hapa nitatoka kidogo Afrika, maana kuhesabu peke yake hakutoshi kama hesabu yenyewe ni ya kujifurahisha. Kanada ilitangaza maili 200 mwaka 1977. Kabla ya hapo meli za wageni zilikuwa zimekomba chewa wa Newfoundland kwa fujo, zaidi ya tani 800,000 katika mwaka 1968 pekee. Wageni wakasukumwa nje. Watu wakashangilia, benki zikakopesha, meli kubwa za wenyewe zikajengwa. Wataalamu wa serikali wakapiga hesabu ya samaki waliobaki, na hesabu ikatoka kubwa kuliko ukweli, kwa sababu miongoni mwa nyingine waliamini mno takwimu za meli zilizokuwa zinajua kuwafuata samaki mahali pachache walipojibana. Wavuvi wadogo wa pwani walilia kwamba samaki wanapungua na wanakuwa wadogo. Walisikilizwa kwa adabu. Julai 2, 1992 Waziri wa Uvuvi, John Crosbie, alifunga uvuvi huo. Watu wapatao 30,000 walipoteza kazi. Walisema ni kwa miaka miwili. Ulifunguliwa rasmi mwaka 2024.

Miaka 32, ndugu wasikilizaji. Na waliommaliza samaki yule mwishoni hawakuwa wageni.

Namibia nayo inatufaa. Ilipata uhuru Machi 1990, na mwaka huo huo ikatangaza maili 200. Bahari yake ilikuwa imefanywa soko la bure na meli za mataifa mengi. Serikali changa, bila manowari, ilitumia helikopta kukamata meli za Kihispania zilizodhani mambo ni ya jana, na mahakama ikazitaifisha. Kisha wakafanya kazi isiyopigiwa picha: watazamaji Wanamibia wakapanda melini, samaki wakatakiwa kuteremshwa bandarini nchini mwao, na kila mwaka kikapangwa kiasi cha kila aina. Walihesabu. Viwanda vikajengwa Walvis Bay na Lüderitz. Kwa miaka mingi tuliokuwa tunaandika habari za bahari tuliitaja Namibia kama mwalimu anavyomtaja mwanafunzi wa mbele darasani.

Halafu Novemba 2019 zikafumuka nyaraka kwamba migao ya samaki iligeuzwa biashara ya wakubwa wachache na kampuni moja ya Iceland. Ndiyo, Iceland ile ile ya kukata nyavu. Mawaziri wawili walijiuzulu, wakashitakiwa, nao wamekana mashitaka. Sitaki kuhukumu kesi isiyo yangu. Nakumbusha tu kwamba tani zikishahesabiwa zinakuwa mali, na mali ina harufu, na harufu huita.

Sasa nirudi kwetu, kwenye jambo lililo moto kuliko yote na linalozungumzwa kidogo kuliko yote. Mwaka 2011 nchi wanachama wa Tume ya Jodari zilikutana Nairobi kuanza mazungumzo ya kugawana jodari wa Bahari ya Hindi kwa migao: nchi hii tani kadhaa, nchi ile tani kadhaa. Zaidi ya miaka kumi baadaye bado walikuwa wanabishana, na kiini cha ubishi ni swali ambalo mtoto wa Kilwa angelielewa. Mgao unataka kutazama historia, yaani nani amekuwa akivua kiasi gani. Vema. Samaki aliyevuliwa miaka ya nyuma na meli ya Ulaya au ya Asia ndani ya ukanda wa Tanzania, historia yake ni ya nani? Nchi zenye meli zinasema ni yetu, bendera yetu ndiyo iliyomvua. Nchi za pwani zinasema ni yetu, ametoka katika maji yetu, ninyi mlikuwa wapangaji.

Mimi niko upande wa pwani na sijifichi. Mpangaji akikaa miaka 20 hawi mrithi. Lakini jiweke katika kiti cha mjumbe wetu mezani. Anasema, "Samaki hawa walivuliwa kwetu." Anaulizwa, "Wangapi? Mwaka gani? Tuonyeshe daftari." Akifungua mkoba, daftari alilonalo ni lile aliloandikiwa na mpangaji.

Hiyo ndiyo hasara ya kutohesabu, na haikuonekana mwaka ule samaki walipochukuliwa. Inaonekana sasa, wakati wa mirathi.

Tumewahi kujaribu njia ya mkato. Tuliweka mrahaba wa dola 0.4 kwa kila kilo ya samaki wa bahari kuu. Kwa karatasi ilipendeza sana. Meli nyingi za kigeni hazikurudi kuchukua leseni, na baadaye mrahaba huo uliondolewa. Wapo waliosema huo ni ushahidi kwamba wageni ni wanyonyaji. Wapo waliosema ni ushahidi kwamba hatujui biashara. Nadhani wote walisahau tabia ya bidhaa yenyewe. Jodari ni msafiri. Leo yuko kwetu, mwezi ujao yuko Msumbiji au Somalia au katika bahari huria isiyo na mwenyewe. Nahodha akiona mlango wa Tanzania ni ghali, anamngoja samaki mlango wa pili. Ndiyo maana nchi jirani zikipanga bei kila moja kivyake, anayefurahi ni mnunuzi. Februari 2023 Tume ilikutana Mombasa, ikapitisha kwa kura kwamba chelezo zile za mitambo zisitumike kwa siku 72 kila mwaka ili jodari wachanga wapumue. Umoja wa Ulaya ukaweka pingamizi, na nchi kadhaa pia, Shelisheli ikiwamo, na azimio halikufika mbali. Shelisheli inaishi kwa bandari ile. Ni vigumu kumlaumu mtu anayetetea sufuria yake, ingawa sufuria hiyo hiyo inategemea jodari wachanga waliokuwa wanaombewa siku 72.

Wakati huo huo Septemba 2023 ulizinduliwa ujenzi wa bandari ya uvuvi Kilwa Masoko. Wengine wanaiona kama sehemu ya kuuzia barafu na kupata ajira, na ajira ni jambo jema, sina ubishi. Mimi naiona kwanza kama mahali pa kuweka mizani. Meli ikiteremsha mzigo katika ardhi yako, mbele ya karani wako, samaki anapata ule uraia ambao afisa wa gatini aliniambia hana. Bandari nzuri isiyo na sharti la kupima mzigo itakuwa maegesho tu.

Nilikuwa nimefika hapa katika maandishi yangu, nikijiona nimemaliza na wageni, ndipo nilipokwenda Pemba kwa shughuli nyingine kabisa, arusi ya mtoto wa rafiki. Kojani si mbali, na mtu anayeandika habari za samaki akifika Pemba bila kuwasalimu Wakojani ana kasoro. Wale ndio mabingwa wa dago, watu wanaofuata samaki mpaka Mtwara na mpaka Lamu. Nilikaa na mzee mmoja aliyekuwa anashona jarife, nikamshikia shikamoo, nikaanza kumweleza habari za madaftari, watazamaji na asilimia 5. Alisikiliza bila kuinua macho.

"Mwanangu," akasema, "sisi bwana samaki huja mtoni akatuuliza, leo mmepata wangapi. Tukimwambia kweli, kesho kodi ina miguu, inakuja yenyewe. Basi twamwambia nusu. Na yeye ajua kuwa ni nusu. Yeye mwenyewe akifika ofisini sijui huandika nini."

Nikamwuliza, sasa mzee, ikisemwa huko duniani kwamba wavuvi wa Tanzania hawavui kitu, wapewe mgao mdogo, tutalia na nani? Aliacha kushona. "Huko duniani wanasoma lile la bwana samaki?"

Wanalisoma. Hilo ndilo ambalo hakuna aliyewahi kumwambia. Katika Bahari ya Hindi karibu nusu ya jodari na jamaa zake huvuliwa na wavuvi wadogo wa pwani: Wamaldivi kwa mshipi na fimbo, samaki mmoja kwa ndoana moja, Waomani, Wairani na Wasri Lanka kwa nyavu na mishipi, na sisi. Wenzetu wengine wameandika, kwa hiyo wana cha kuweka mezani. Kila jodari ambaye mzee wa Kojani humficha kwa kuogopa ushuru hupotea mara mbili, mara moja kwenye daftari la kijiji na mara ya pili kwenye mgao wa taifa. Lakini mzee anaujua ushuru, ushuru ameshauona kwa macho. Mgao hajauona. Kabla hatujamtaka awe mkweli, ingefaa mtu aende akae naye juu ya mkeka amhakikishie kwamba namba aliyoitoa kwa ajili ya kuhesabu samaki haitageuka kesho kuwa namba ya kukadiria kodi. Mambo hayo mawili yako katika mkono wa bwana samaki mmoja, mwenye kalamu moja, na mara nyingi bila hata boti. Kuyatenganisha hakuhitaji meli ya doria wala mkopo.

Kwa upande wa zile taa, msikilizaji wangu wa Kilwa Kivinje, nimeandika barua kwa wanaohusika nikiomba mambo mawili: orodha ya meli zilizopewa leseni mwaka jana, na tani ambazo kila moja imetaja kuvua ndani ya maili zetu 200. Nimeomba kwa ajili ya kuzisoma hapa hapa, kwa sauti, meli kwa meli. Jibu likija nitalisoma.

Jana jioni nilimpigia simu kumweleza hivyo. Alifurahi, akaniambia usiku wa kuamkia jana bahari ilikuwa njema, mkondo ulilala, wakapata jodari wanne wakubwa na sehewa wa kutosha kitoweo. Nikampa hongera. Kisha nikamwuliza, mlipotia nanga asubuhi, bwana samaki mmemwambia jodari wangapi?

Simu ilinyamaza kidogo, halafu nikamsikia anacheka.

"Wawili, kaka."